Umeweka Mafuta?

9 Februari

Mpendwa Somo Shangazi,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Baba kikohozi kimemwacha, kilichobaki ni kulalamika, na hicho Mama anasema hakina dawa. Mdogo wangu ameng'oka meno mawili ya mbele na kila mgeni lazima aonyeshwe pengo. Mimi nimekuwa wa nne darasani. Katika mbio nimekuwa wa kumi na moja. Tulikuwa kumi na mmoja.

Naandika kwa sababu kwenye simu ukishaniambia "haya, sema," maneno yote yananikimbia, na Baba anakuwa amesimama hapo anangoja simu yake.

Jambo lenyewe ni hili. Tangu likizo, kila Jumamosi naenda karakana ya fundi wa pikipiki ambaye watu wanamwita Fundi Kesho. Sijui kama unamkumbuka. Mwenye kiwanja anataka kujenga, kwa hiyo Fundi anahama tarehe 28 Juni, na ghala lake limejaa makopo ambayo mwenyewe hajui yana nini. Aliyaandika zamani, lakini mwandiko wake hata yeye haumpi siri. Mimi nafungua kopo, nauliza hiki ni nini, naandika kibandiko. Siku ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu mpaka akasahau kwamba nimo, akafunga mlango kwa nje akaenda kula.

Ameniambia malipo yangu yatakuwa pikipiki. Katika kona ya nyuma ya ghala kuna tatu, za motokrosi, yale mashindano ya kwenye matope, za zamani sana, zile zenye shingo ndefu na matairi ya meno. Alipunga mkono kuelekea kona akasema, "Chagua moja uifufue." Anakohamia ni padogo, hivyo zitakazobaki zinakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Ya kwanza ni ya bluu. Tangi lake linang'aa kama sahani mpya, ila injini imefunguliwa na vipuri viko kwenye ndoo tatu. Ya pili ni nyekundu, au ilikuwa. Siti imeliwa na panya, lakini imekamilika na kiki ya kuwashia inashuka. Ya tatu ni ya njano. Imekamilika pia, ila kiki haishuki hata ukisimama juu yake. Nilisimama. Hiyo ya njano ndiyo moyo wangu ulipo, siwezi kueleza kwa nini.

Nimesoma vitabu viwili vya maktaba kuhusu injini, kimoja mara mbili. Baba anasema wewe ulikuwa ukishindana na pikipiki za namna hii kabla sijazaliwa. Naomba uniambie nichague ipi. Nikikosea, Baba atasema alisema.

Ni mimi, jina lako dogo.


3 Machi

Somo yangu,

Marahaba. Mwambie kaka yangu nafurahi malalamiko yamerudi, maana alipokuwa anakohoa tu nilianza kumwogopea. Na wewe usione haya kuwa wa kumi na moja. Lazima awepo mtu wa kushika mkia, wengine wajue foleni inaishia wapi.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nina wanafunzi sita wanaokaribia mtihani wa udereva. Mmoja wao nikimwambia "kata kushoto" hutazama kwanza mkono aliovaa saa. Juzi alikuwa ameisahau saa nyumbani. Gari letu la mafunzo lina breki ya pili upande wangu, na siku hiyo niliikanyaga mpaka soli ya kiatu ikaachia.

Sasa shauri lako. Mtu anayefufua pikipiki kwa mara ya kwanza hachagui kwa moyo, hiyo ni namna ya kuchagua mchumba, na hata huko matokeo tunayaona. Kwanza angalia kama imekamilika. Ndoo tatu za vipuri maana yake kuna ndoo ya nne iliyopotea, na utaitafuta mpaka uzeeke. Pili, kiki ishuke. Tatu, chuchumaa nyuma ya pikipiki ufumbe jicho moja uone kama matairi yako kwenye mstari mmoja. Kama hayako, fremu imepinda, iage. Nne, pitisha kucha kwenye kila kiungo cha fremu kilichochomelewa, utafute ufa. Na rangi isikudanganye. Tangi linalong'aa juu ya injini iliyofunguliwa ni mtu aliyejipulizia manukato bila kuoga.

Kwa hiyo ni nyekundu. Siti ya kuliwa na panya ni ushahidi kwamba angalau panya waliipenda.

Ya njano usiiguse. Kiki isiyoshuka ni injini iliyokwama, na hujui humo ndani kuna nini. Tena ile gia iko mguu wa kulia na breki mguu wa kushoto, kinyume na ulimwengu mzima. Utataka kusimama, ubadilishe gia. Utataka kubadilisha gia, uruke juu ya usukani.

Huyo Fundi namkumbuka kidogo.

Jina lako kubwa.


16 Machi

Mpendwa Somo Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo wote. Baba amesoma ulichosema kuhusu wachumba, akauliza ulikuwa unamsema nani. Mama amesema barua ni yangu, arudishe.

Nimefanya ulivyoniagiza. Nilichuchumaa nyuma ya nyekundu nikafumba jicho moja. Fundi akaniuliza kama nimeingiwa na mdudu. Matairi yako kwenye mstari. Ufa sijauona. Kila ulichoniambia ni cha kweli, na nyekundu ndiyo yenye akili. Nimejaribu kuipenda Jumamosi mbili mfululizo.

Lakini kuna mambo mawili.

La kwanza, nilipokuwa nafuta vumbi kwenye ya njano, nilikuta kibandiko cha karatasi ngumu kimefungwa kwa waya kwenye usukani. Kimeandikwa jina langu. Nilifurahi sana, Shangazi, nikadhani Fundi amegundua kwamba naipenda akaniwekea. Nilizunguka ghala mara tatu nikitafuta namna ya kumshukuru. Mwishowe nikamwambia, "Asante kwa kuniandikia jina." Alichukua kibandiko, akakitazama, akacheka mpaka akakaa juu ya tairi. Akasema, "Binti, hilo jina lilifika hapa kabla yako." Kisha akasema ya njano haikuwamo katika zile za kuchagua, ina mwenyewe, ila mwenyewe akinipa kwa hiari yake, ni yangu. Nikamuuliza mwenyewe yuko wapi. Akasema, "Nilimwambia aje kesho."

La pili ni hili. Katika barua yangu sikukuandikia gia ya ile pikipiki iko upande gani. Niliirudia barua kichwani neno kwa neno kuhakikisha. Nilienda kuangalia. Ni kulia kweli.

Sikuulizi kitu. Nakwambia tu.

Jina lako dogo.


2 Mei

Somo yangu,

Marahaba. Hapa mvua zimetoboa dari la chumba changu palepale pa mwaka jana. Fundi wa dari nimemwambia aje na ngazi, akaja na mkewe kunipa pole. Nimeweka beseni, nalala na mdundo.

Najua barua yako imekaa juu ya kabati wiki sita. Kila nikipita inanitazama. Una macho ya polisi wewe, na sura ya mtoto wa kwaya, mchanganyiko mbaya sana.

Ilikuwa yangu. Haya, umefurahi? Nilishindana nayo misimu mitatu, ikakwama, nikaipeleka kwa Fundi, kisha maisha yakanivuta huku. Watu husahau miavuli kwa watu, mimi nilisahau pikipiki. Ni miaka kumi na tisa sasa. Haina hadithi zaidi ya hiyo.

Nimekuwekea humu glavu zangu za zamani. Kidole gumba cha kushoto kimeshonwa, usinicheke, nilishona mwenyewe. Vaa ukifungua nyekundu. Maana utachukua nyekundu, tumeelewana.

Jina lako kubwa.


11 Mei

Mpendwa Somo Shangazi,

Shikamoo. Glavu zimefika, zinanitosha, asante. Mdogo wangu anazivaa wakati wa kula. Mama amepata kazi ya kushona mapazia ya jengo zima, kwa hiyo sasa tunaishi ndani ya mapazia, na Baba juzi alimtafuta mtu wa kumlalamikia chumba hadi chumba.

Nina jambo la kukiri. Nilimwomba Fundi tuifungue ya njano. Nilimwambia ni kwa ajili ya kujifunza, na ilikuwa kweli, kama nusu. Alikubali haraka kuliko nilivyotegemea, na huyu ni mtu ambaye ukimwomba spana anakuambia kesho. Alitoa kichwa cha injini, akagonga pistoni kwa kipande cha mti, taratibu, ikatoka.

Silinda haina kutu hata kidogo. Nilishangaa, nikamuuliza. Akasema kila mwaka mvua zikikaribia hutoa plagi na kumimina oili kidogo humo ndani. Nikamuuliza kwa nini, na pikipiki si yake. Akasema, "Iliwahi kuikosa oili."

Pistoni imekwaruzika pande zote, kuzunguka, kama iliyosuguliwa kwa msasa. Kitabu changu kina picha hiyohiyo. Kinasema injini ya namna hii haina hifadhi yake ya oili, oili huchanganywa na petroli ndani ya tangi. Ikitiwa petroli tupu, pistoni hukauka, hupata moto, hung'ang'ania silinda. Nilimwonyesha Fundi ile picha. Aliitazama, akasema, "Siku ile jua lilikuwa kali sana." Nikasema kitabu hakitaji jua. Akaniambia nikaandike vibandiko.

Shangazi, mwavuli uliosahauliwa haukwaruziki hivyo.

Fundi hajasema neno baya juu yako, hata nusu. Ila kila akipita karibu na ile pistoni, anaifunika kwa kitambaa, kama mtu aliye uchi.

Tarehe 28 Juni bado ipo palepale. Ya njano haina nafasi kule anakohamia. Sijachagua.

Jina lako dogo.


22 Mei

Somo yangu,

Marahaba. Mwambie mama yako ashone pazia moja akutie ndani yake, upunguze kuona.

Haya, kaa chini.

Yalikuwa mashindano ya mwisho wa msimu. Nilikuwa wa pili kwa jumla, nikishinda siku hiyo nakuwa wa kwanza, na hakuna mwanamke aliyewahi. Fundi ndiye aliyekuwa akiiandaa ile pikipiki, misimu yote mitatu, bure, kwa sababu aliniona sina akili ya kuogopa. Asubuhi ile alikuwa chini ya meza ya kazi, anakaza spoki za gurudumu langu la akiba. Mimi nilijaza tangi mwenyewe. Akauliza kutoka kule chini, "Umeweka mafuta?" Nikasema, "Nimeweka."

Sasa wewe msomi niambie. Petroli si mafuta? Watu wakienda kununua petroli hawasemi wanakwenda kuweka mafuta? Niliulizwa kama nimeweka mafuta, nami nilikuwa nimeweka mafuta. Angetaka oili, angesema oili. Neno lilikuwepo.

Raundi ya tano nilikuwa mbele. Raundi ya sita gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka, nikaruka peke yangu. Kidole gumba ndipo kilipopasuka, pamoja na glavu. Nilisukuma pikipiki mpaka kwa Fundi, na mbele ya watu wote waliokuwepo, mashabiki na wapinzani, nikasema ameniua. Nikasema hajui hata kuchanganya mafuta, na atakayempelekea pikipiki yake amtayarishie na jeneza. Watu walicheka. Yeye alichukua usukani akaingiza pikipiki ndani, akasema, "Njoo kesho tuiangalie."

Kesho yake nilipanda basi nikaja huku. Nilisikia baadaye kwamba msimu uliofuata hakuna aliyempelekea pikipiki ya mashindano, hata mmoja. Ndivyo alivyobaki na pikipiki za wauza mikate.

Basi umeshajua. Na kwa kuwa umeshaifungua na unaipenda, ichukue. Nakupa. Kibandiko kiache kilivyo, jina ni letu sote, hakuna hata haja ya kukiandika upya. Mwambie Fundi namsalimu sana, mwambie pia, unajua, yale mengine. Wewe una maneno mazuri ukiandika.

Jina lako kubwa.


30 Mei

Mpendwa Somo Shangazi,

Shikamoo. Nyumbani wote wazima. Mdogo wangu meno yameanza kuota, analia kwamba pengo lake linaibiwa.

Nilikwenda maktaba nikafungua kamusi kubwa, ile inayolazwa kwenye meza yake peke yake. Nimenakili neno "mafuta" lote. Ni petroli, ni oili, ni ya kupikia, ni ya kujipaka, ni hata ya samli. Kwa hiyo kamusi iko upande wako. Pistoni haiko.

Barua yako niliisoma mara tano. Ile sehemu ya kunipa niliisoma mara nyingi zaidi. Sijawahi kutaka kitu namna hii, Shangazi, na nilipofika karakana Jumamosi nilikuwa nimejiandaa kumwonyesha Fundi ule mstari tu, nimekunja barua ili yale mengine yasionekane. Alikuwa amepiga magoti mbele ya ya njano, anasafisha kabureta yake kwa mswaki. Nikasimama pale. Unajua ninavyosimama. Akaniuliza, "Ameandika?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Anakuja?"

Hakuuliza umesema nini. Aliuliza hilo tu.

Nikarudisha barua mfukoni. Nikamwambia nimechagua nyekundu.

Akanitazama, akasema, "Mbona macho yako yako kwingine?" Nikasema nyekundu ndiyo yenye akili, kama wewe Shangazi ulivyonifundisha. Tumeshaitoa siti, tumekuta kiota chenye nyuzi, karatasi na risiti za watu. Kiki inashuka vizuri. Kabureta ilikuwa na buibui. Naanza kuizoea. Nimelia kidogo ila ilikuwa nyumbani, ndani ya mapazia, hakuna aliyeona.

Salamu zako nimefikisha. Yale mengine sikuyafikisha. Nilijaribu kuyaandika kwa ajili yako, nilipata sentensi nzuri sana, na kila nikiisoma ilikuwa na sauti yangu. Aliyemwambia mbele ya watu si mimi, hata kama jina ni moja.

Ya njano bado ni yako. Nimekiosha kibandiko na kukifunga tena. Fundi anasema wanunuzi wa vyuma wanakuja tarehe 28 saa nne asubuhi, na kwamba hatampa mtu yeyote pikipiki hiyo kwa barua. Anafungua saa mbili.

Usinikasirikie.

Jina lako dogo.


17 Juni

Somo yangu mkaidi,

Marahaba, ingawa mtu anayemwamrisha shangazi yake hivi angepaswa kuamkiwa yeye.

Mwambie baba yako nafika Ijumaa tarehe 27 kwa basi la jioni. Nitalala kwenye kochi, na asianze kuuliza nakaa siku ngapi kabla sijavua viatu. Chuoni nimeomba ruhusa. Wanafunzi wangu wote wamefaulu, hata yule wa saa, Mungu alimjalia njia yenye kona za kulia tupu.

Nilikukasirikia siku nne. Ya tano nilikuwa namkasirikia mtu mwingine, na huyo tunalala kitanda kimoja, tunavaa viatu vimoja.

Nimeandika nitakachomwambia Fundi mara nne. Ya kwanza ilianza na hali ya hewa. Ya pili ilikuwa na kamusi yako. Ya tatu ilimsifu kupita kiasi, angedhani nimekuja kuomba mkopo. Ya nne nimeichana asubuhi hii ndani ya gari, mwanafunzi mpya akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili ananisubiri niseme "washa."

Nilichana kwa sababu zote nne zilizunguka jambo moja bila kuligusa. Hata wewe barua iliyopita nilikuzungusha. Somo, hakuna mtu aliyewahi kuendesha pikipiki ile, akaulizwa na fundi wake "umeweka mafuta?" akadhani anaulizwa petroli. Misimu mitatu swali lilikuwa hilohilo, na jibu lake lilikuwa oili. Siku ile chupa ya oili ilikuwa upande wa pili wa karakana, nje walikuwa wameanza kupanga foleni ya kuanzia, nikaona petroli ya jana iliyobaki tangini ilikwisha kuchanganywa, itatosha. Nikasema nimeweka. Nilijua anachouliza. Hilo ndilo nililopanda nalo basi, na ndilo nitakalomwambia, hivyohivyo, bila hali ya hewa.

Kama watu watakuwepo, afadhali. Wapinzani wangu wa zamani sitawapata, lakini wauza mikate watatosha.

Ya njano tutaitoa pale kabla ya saa nne, hata kama ni kuisukuma. Wapi nitaiweka sijui, chumba changu kina beseni. Na akikubali kuifunga injini tena, nitakaa chini ya meza mimi, yeye ajaze tangi.

Jumamosi utanisindikiza mpaka mlangoni, kisha utabaki nje na nyekundu yako. Usinisaidie maneno. Ukisikia kimya kirefu humo ndani, usiingie. Nitakuwa bado sijaanza.

Shangazi yako.